Asilimia 8 inapoishinda asilimia 9: Jinsi bei, riba, dola na hisa zinavyogusa akiba yako

Oktoba 2022, Mkenya aliyeikopesha Serikali pesa zake kwa siku 91 alipata riba ya karibu asilimia 9 kwa mwaka. Agosti 2025, aliyefanya vivyo hivyo aliambulia karibu asilimia 8.

Nani alifaidi? Wengi watajibu haraka kwamba ni wa kwanza. Kumbe wa kwanza alikula hasara, na wa pili ndiye aliyetoka na kitu mfukoni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Riba ya hati hizi za Serikali hukatwa ushuru wa asilimia 15 kabla haijakufikia, kwa hivyo ile asilimia 9 ilibaki kama 7.6. Wakati huo bei za bidhaa zilikuwa zikipanda kwa asilimia 9.6 kwa mwaka. Pesa ziliongezeka kwenye akaunti, lakini dukani zilinunua vitu vichache kuliko awali.

Agosti 2025, ile asilimia 8 ikishakatwa ushuru ilibaki kama 6.8, huku bei zikipanda kwa asilimia 4.5. Tofauti ya asilimia 2.3 ndiyo faida halisi. Si nyingi, lakini ni faida.

Kati ya tarehe hizo mbili, Kenya ilipitia kipindi ambacho kila kitu kiligusana: bei ya unga, riba ya Benki Kuu, dola, deni la nje na Soko la Hisa la Nairobi. Ukikielewa kipindi hicho, habari nyingi za uchumi zinazopita kwenye simu yako zitaanza kuleta maana.

Mfumko umeshuka, mbona bei hazishuki?

Kila mwisho wa mwezi, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hutangaza mfumko wa bei. Maafisa wake hukusanya bei za bidhaa na huduma katika masoko na maduka kote nchini, kisha wanalinganisha na bei za mwezi kama huo mwaka uliopita.

Si kila bidhaa ina uzito sawa. Chakula na vinywaji visivyo na kileo huchukua karibu theluthi moja ya hesabu yote. Nyumba, maji, stima na gesi ni karibu asilimia 15, na usafiri karibu asilimia 10. Ndiyo maana mvua ikikosa kunyesha na sukumawiki ikapanda, mfumko hupanda hata kama bei ya simu na viatu haijabadilika.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu wengi, na wanasiasa hupenda kulitumia wanavyotaka. Oktoba 2024 mfumko ulishuka hadi asilimia 2.7. Watu wakauliza mitandaoni: umeshuka wapi, na sisi bado tunalia sokoni?

Wote walikuwa sahihi. Mfumko kushuka si bei kushuka. Ni bei kupanda polepole.

Chukua kapu la bidhaa lililouzwa shilingi 100 Oktoba 2021. Mwaka mmoja baadaye, kwa mfumko wa asilimia 9.6, likawa karibu shilingi 110. Oktoba 2023 mfumko ulikuwa asilimia 6.9, kapu likafika shilingi 117. Kisha ikaja ile asilimia 2.7 iliyosifiwa sana, na kapu likawa shilingi 120. Halikurudi 100, na kuna uwezekano mkubwa halitarudi.

Kwa mwenye akiba, hilo kapu ndilo la kushindana nalo. Kama shilingi 100 zako za 2021 hazikuwa zimefika 120 kufikia Oktoba 2024, ulirudi nyuma, hata kama taarifa ya benki ilionyesha zimeongezeka. Na ikiwa sehemu kubwa ya mshahara wako inaishia kwenye chakula na nauli ya matatu, mfumko wako binafsi unaweza kuwa juu ya ule unaotangazwa.

Riba ya Benki Kuu ni ya nani?

Karibu kila miezi miwili, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya (CBK) hukutana na kutangaza riba ya msingi, inayojulikana kama CBR. Hii si riba utakayolipa wewe ukienda kukopa. Ni kipimo ambacho benki na wakopeshaji wengine hufuata.

CBK inataka mfumko ubaki kati ya asilimia 2.5 na 7.5. Bei zikikimbia, inapandisha riba. Mikopo inakuwa ghali, watu na kampuni wananunua kidogo, na wauzaji wanakosa sababu ya kuendelea kupandisha bei. Bei zikitulia, inashusha riba ili biashara zipumue.

Lakini Desemba 2023 kulitokea jambo lisiloingia vizuri kwenye maelezo hayo. Mfumko ulikuwa tayari chini ya asilimia 7, ndani ya lengo. Hata hivyo, CBK chini ya Gavana Kamau Thugge ilipandisha riba kwa mpigo kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5. Februari 2024 ikaongeza tena hadi 13.

Kwa nini uongeze dawa wakati mgonjwa anaanza kupata nafuu? Kwa sababu kulikuwa na ugonjwa mwingine. Shilingi ilikuwa inaporomoka.

Dola iliyokuwa ikimsumbua kila mtu

Mwishoni mwa 2022, dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 123. Januari 2024 ilikuwa imefika karibu 160.

Kenya hununua kutoka nje vitu vingi ambavyo haiwezi kuishi bila hivyo: mafuta ya magari, ngano, mafuta ghafi ya kupikia, mbolea, dawa, mitumba ya magari na ya nguo. Vyote hulipiwa kwa dola. Inachouza nje ni chai, maua, kahawa, parachichi na nguo za viwandani, na thamani yake ni ndogo kuliko inavyoagiza. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na watalii na pesa zinazotumwa na Wakenya walio ughaibuni, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5.

Shilingi ikidhoofika, kila meli inayotia nanga Mombasa inakuja na bei mpya, hata kama muuzaji kule nje hajaongeza senti. Ndivyo lita moja ya petroli Nairobi ilivyofika shilingi 217.36 Oktoba 2023. Ikumbukwe kwamba petroli haibaki kwenye gari. Inaingia kwenye nauli, kwenye nyanya zilizobebwa na lori kutoka shambani, na kwenye mkate.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa deni. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa wawekezaji wa kimataifa, kupitia ile bondi maarufu ya Eurobond, na malipo yalipaswa kufanywa Juni 2024, zote kwa pamoja. Soko zima lilikuwa linajiuliza kama pesa hizo zipo. Aliyekuwa na dola akaishikilia. Aliyekuwa na shilingi akaitafuta dola. Hofu peke yake ikaifanya shilingi iwe dhaifu zaidi.

Kisha Februari 2024 mambo mawili yakatokea ndani ya siku chache.

Kwanza, Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 mpya kwenye soko la kimataifa na kuzitumia kununua sehemu kubwa ya ile bondi ya zamani kabla ya siku yake. Haikuwa bure. Bondi ya 2014 ilikuwa na riba ya asilimia 6.875, hii mpya ikawa ya asilimia 9.75. Lakini swali la "je, Kenya italipa?" likapata jibu.

Pili, CBK iliuza nyumbani bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa ushuru. Serikali ilitafuta shilingi bilioni 70. Wawekezaji walileta zaidi ya bilioni 280, na ikachukua karibu 241. Miongoni mwa walionunua walikuwamo wageni, waliolazimika kwanza kubadilisha dola zao kuwa shilingi.

Kufikia mwisho wa Machi, dola ilikuwa inauzwa karibu shilingi 131. Wenye dola walizoficha wakisubiri ifike 170 walijikuta wakikimbilia kuziuza kabla hazijashuka zaidi. Oktoba 2024 petroli Nairobi ilikuwa shilingi 180.66, na hapo ndipo mfumko ulipogusa ile asilimia 2.7.

Shilingi yenye nguvu si sherehe kwa kila mtu, ingawa huwa inatangazwa hivyo. Chai huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola. Mkulima wa Kericho au Nyeri ambaye kilo yake ilileta dola ileile sasa alipata shilingi chache. Malipo ya bonasi ya 2025 yalipozua malalamiko, nguvu ya shilingi ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa na KTDA. Vivyo hivyo kwa mama anayetumiwa dola 200 na mtoto wake aliye Marekani: kwa bei ya 160 alipokea shilingi 32,000, kwa bei ya 130 akapokea 26,000.

Wewe mwenye shilingi 100,000

Tuseme Februari 2024 ulikuwa na shilingi 100,000 zisizo na haraka. Ungeweza kuzipeleka wapi?

Ukizificha chini ya godoro, au kwenye akaunti isiyolipa riba, ambayo ni godoro lenye kadi, mwaka mmoja baadaye zilikuwa zimepoteza zaidi ya shilingi 3,000 za uwezo wa kununua. Huo ulikuwa mwaka wa mfumko mdogo.

Ukinunua hati ya siku 91, ulipata zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka. Tamu. Lakini ni siku 91 tu. Baada ya hapo unapokea pesa zako na kuzirudisha sokoni kwa bei ya siku hiyo. Agosti 2024 CBK ilianza kushusha riba: 12.75, kisha 12, kisha 11.25, na kuendelea hadi ikafika asilimia 9 Desemba 2025. Kila ulipozungusha pesa upya, ulikuta malipo yamepungua, hadi katikati ya 2025 ukawa unapewa kama asilimia 8.

Ukinunua ile bondi ya miundombinu, uliifunga asilimia 18.46. Kila miezi sita ungepokea shilingi 9,230 kwenye akaunti, bila ushuru, hata baada ya hati za muda mfupi kushuka hadi nusu ya hapo. Serikali haiwezi kurudi kukuambia siku hizi riba imeshuka, tukupunguzie.

Na kuna faida ya pili ambayo wawekezaji wapya hawaioni mapema. Bondi inaweza kuuzwa kabla ya muda wake. Bondi mpya zikianza kulipa asilimia 13, yako ya asilimia 18 inakuwa kama kiti cha mbele kwenye matatu iliyojaa, watu wako tayari kulipa zaidi kukipata. Ile ya shilingi 100,000 unaweza kuiuza kwa zaidi ya 100,000.

Hilo hugeuka pia. Ukinunua bondi ya miaka 15 yenye riba ya asilimia 13, kisha riba zikapanda hadi 18, hakuna atakayetaka yako kwa bei uliyonunulia. Ukilazimika kuiuza kwa sababu ya karo au hospitali, utakula hasara. Kwa hiyo pesa za dharura hazifai kwenye bondi ya muda mrefu, haijalishi riba inavutia kiasi gani.

Hali iliyowakuta wa hati za siku 91 iliwafikia pia wenye pesa kwenye hazina za soko la fedha, zile wengi wanaziita MMF. Hazina hizi huchukua pesa za watu wengi na kuziweka kwenye hati za Serikali na akaunti za benki. Riba ya Serikali ikishuka, malipo ya MMF hushuka baada ya muda mfupi. Meneja wako si lazima awe ameiba wala kulala kazini.

Kwa nini hisa zilipanda wakati riba ikishuka?

Mwishoni mwa 2023, Soko la Hisa la Nairobi lilikuwa kama mji uliohamwa. Wawekezaji wa kigeni walikuwa wanauza na kuondoka. Walihofia shilingi, na wengine walilalamika kwamba hata kupata dola za kuondoka nazo ni kazi. Wawekezaji wa ndani nao walikuwa na sababu yao: kwa nini nihangaike na hisa wakati Serikali inanilipa asilimia 18 nikiwa nimelala?

Hisa za Safaricom, ambazo Agosti 2021 ziliuzwa kwa zaidi ya shilingi 40, zilikuwa zimeshuka chini ya shilingi 15.

Riba zilipoanza kushuka na shilingi kutulia, hesabu ikabadilika. Asilimia 18 haipo tena. Kampuni zinakopa kwa gharama nafuu, na mgao wa faida unaanza kuonekana. Pesa zikaanza kurudi. Kipimo kinachofuatilia hisa zote za soko hilo, NASI, kilifunga 2023 karibu na pointi 92 na kufunga 2024 karibu na 123. Safaricom kufikia Septemba 2025 ilikuwa imepita shilingi 25. Aliyeinunua Februari 2024 alikuwa amekaribia kuzidisha pesa zake mara mbili, bila kuhesabu mgao wa shilingi 1.20 kwa kila hisa kwa mwaka.

Kabla hujakimbilia kwa dalali, mwangalie aliyenunua hisa hizohizo Agosti 2021. Miaka minne baadaye, hata baada ya kupanda kote huko, bado alikuwa hajarudisha pesa zake. Na walionunua siku za mwanzo mwaka 2008 kwa shilingi 5 waliziona zikishuka chini ya 3 mwaka uliofuata. Waliosubiri walicheka. Waliouza kwa sababu walikuwa wamekopa ili wanunue, hawakucheka.

Angalau mlango umekuwa mpana. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja kwenye soko hilo. Awali kiwango cha chini kilikuwa hisa 100, jambo lililowafungia nje wengi kwenye kampuni ambazo hisa moja ni mamia ya shilingi.

Riba ambayo haikushuka haraka

Kuna mtu ambaye hadithi hii yote ilimpita pembeni: mwenye mkopo.

CBK ilikuwa imeshusha riba mara tatu kufikia Desemba 2024, lakini wastani wa riba za mikopo ya benki ulikuwa bado karibu asilimia 17. Katikati ya 2025 ulikuwa bado juu ya 15. Riba inapopanda, ujumbe wa benki hukufikia upesi. Inaposhuka, unachelewa njiani. Benki zinajitetea kwamba zenyewe ziliahidi riba kubwa kwa wenye amana, na kwamba mikopo isiyolipwa vizuri ni mingi, zaidi ya asilimia 17 ya mikopo yote katikati ya 2025. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Lakini CBK yenyewe haikuridhika, na ilizibana benki hadharani zishushe riba.

Kwa hiyo kama una mkopo wa asilimia 16 na shilingi 100,000 mkononi, swali la bondi au hisa linaweza kungoja. Kupunguza mkopo huo kunakuokolea asilimia 16, bila ushuru na bila kubahatisha. Hakuna hati ya Serikali iliyokuwa ikilipa hivyo mwaka 2025. Mikopo ya simu inayotozwa kwa siku au kwa mwezi ni ghali zaidi ukiigeuza kuwa hesabu ya mwaka.

Vipindi vya riba kushuka pia ndivyo matapeli huvuna. Mtu aliyezoea asilimia 16 akipewa 8 huanza kutafuta pengine, na pengine hapo kuna kikundi cha WhatsApp kinachoahidi asilimia 10 kwa mwezi. Kwa hesabu ya kuzungusha, hiyo ni zaidi ya asilimia 200 kwa mwaka. Serikali iliyobanwa kooni Februari 2024 ilitoa 18. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) ina orodha ya kampuni zilizo na leseni kwenye tovuti yake, na kuikagua ni bure.

Tarehe za kuangalia

Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA hutangaza bei za mafuta, na mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya mfumko utakakoelekea. Siku ya mwisho ya mwezi ni zamu ya KNBS. Kila wiki CBK hutoa matokeo ya mnada wa hati za siku 91, 182 na 364, na unaweza kuyaona kwenye tovuti yake au kwenye mfumo wa DhowCSD, ambako pia unaweza kufungua akaunti na kununua mwenyewe kwa simu.

Chukua riba ya wiki hii, toa asilimia 15 yake ya ushuru, kisha toa mfumko wa mwezi uliopita. Jibu likiwa chini ya sifuri, wewe ndiye unayeilipa Serikali ikuwekee pesa.